Ugoro wa Baba na Vijiti Vitatu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo huanza kuninukia puani kabla sijaikumbuka kichwani. Ni siku ya soko la Siakago, miaka ile ya Hali ya Hatari ambayo sisi tuliiita Imajensi. Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na saba, nimeketi chini na kibuyu cha ugoro mbele yangu, mdomo wazi kama mlango wa duka. Siku hiyo mdomo huu huu ninaounywea uji ulimfungisha baba yangu. Siku chache baadaye ukamfungua. Na kati ya kumfunga na kumfungua alisimama mwanamke mzee, mama yake baba yangu, Cucu Igoki. Ndiye ninayetaka kumshukuru hapa, maana alipokuwa hai nilimshukuru nusunusu. Vijana hushukuru haraka, kama mtu anayemeza dawa.

Mimi ni Wawira. Shule niliiona kwa mbali, nikaja kusoma ngumbaru meno ya mbele yakiwa yameanza kulegea, kwa hiyo nikikosea mahali wewe pita tu. Wajukuu wangu wana vyeti mpaka ukuta umejaa, na ninajivunia kila kimoja, hata kile ambacho sijui ni cha nini. Lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kuuza ugoro kama nilivyouza mimi. Hilo nalisema wakiwepo.

Baba yangu, Njeru, alikuwa mkulima wa tumbaku. Mtu wa maneno machache sana. Akisema maneno kumi kwa siku, sita yalikuwa ya kuita mbuzi. Yeye alilima, Cucu Igoki akakaanga majani kwenye kigae na kuyasaga juu ya jiwe pamoja na magadi, nami nikapeleka sokoni. Magadi tuliyapata kwa Mzee Salimu, mfanyabiashara Mwislamu wa Majengo kule Meru, aliyekuja siku za soko na lori lake na karatasi yake ya ruhusa ameibana mkononi kama mtoto mchanga. Miaka ile hukusogea bila karatasi. Ukienda kuteka maji, uliulizwa. Ukienda kuzika, uliulizwa.

Kiswahili nilikiokota kwa Mzee Salimu. Nilimpenda bure kwa jinsi alivyosema. Mtu alikuja kuuliza chumvi akaondoka na chumvi, kitambaa na hadithi. Mimi nikikaa karibu yake nikimeza kila neno, naye akicheka. Aliniambia, "Binti yangu, bidhaa haina ulimi. Ulimi wake ni wewe." Basi nikauchukua huo ulimi nikaufanya mali yangu.

Sasa siku hiyo kulikuwa na mwanamke anaitwa Ciarunji, naye ni wa ugoro, amekaa hatua kumi kutoka kwangu, na wateja wote wamemzunguka yeye. Kwangu hakuna mtu. Ukitaka kujua uchungu, mwanangu, kaa sokoni na ugoro mzuri uangalie watu wakinusa wa jirani. Nikaanza kuita.

Nikasema, ugoro wa Njeru, ukinusa hapa unapiga chafya Embu. Mtu mmoja akageuka. Nikasema, ugoro wa Njeru, mpe mama mkwe, kesho ataamka akikusifu. Wakacheka, wakaanza kusogea. Mzee mmoja akaninyoshea mkono nimwonjeshe, nikamwekea kidogo juu ya ukucha wa kidole gumba kama ilivyo desturi. Wa kwa Ciarunji wakaanza kupungua. Hapo kichwa kikanivimba. Kicheko cha watu ni kama pombe ya asali: kikombe cha kwanza unakunywa wewe, cha tatu kinakunywa wewe. Nikafungua mdomo nikasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Ugoro wa Njeru, hata wale wa mlimani wanashuka kuufuata."

Soko halinyamazi, kwa hiyo sitakudanganya kwamba lilinyamaza. Lakini watu waliokuwa mbele yangu walinyamaza. Wale wa mlimani, kila mtu alijua ni akina nani. Ni wale waliokuwa msituni wakipigana na serikali. Kumpa mmoja wao hata kiazi kilichooza lilikuwa kosa la kukupeleka kizuizini, na waliopelekwa kizuizini walirudi baada ya miaka, au hawakurudi. Yule mzee niliyemwonjesha akapuliza ugoro kutoka kwenye ukucha wake, ukaanguka chini, akaenda zake bila kuniangalia. Wengine wakamfuata.

Karibu na bucha alisimama hombogadi mmoja, Kathuri, kijana wa upande wetu aliyefungwa kitambaa cheupe mkononi cha kuonyesha kwamba ni mlinzi wa serikali. Alikuwa anatafuna muwa. Aliniangalia, hakusema kitu, akaendelea kutafuna.

Nikafunga kibuyu nikarudi nyumbani. Nikajiambia yamepita. Kwa Cucu Igoki nikasema soko lilikuwa baya. Hilo ndilo kosa langu la pili, na mpaka leo sijui kama si kubwa kuliko la kwanza.

Asubuhi iliyofuata walikuja. Baba alikuwa shambani akikata vichwa vya tumbaku ili majani yanenepe. Wakamwuliza, wewe ndiye Njeru wa ugoro? Akasema ndiye. Wakamfunga mikono na kamba ya katani, na vidole vyake bado vimeshika utomvu wa tumbaku. Mimi nilikuwa nimesimama njiani na mtungi wa maji mgongoni. Aliponipita aliniangalia kama mtu anayeuliza jambo, maana hakujua kosa lake. Mimi nilijua. Nikaangalia chini, nikahesabu vidole vyangu vya miguu.

Hedimani, mkubwa wa kata yetu, akatangaza kwamba Bwana D.O., yule Mzungu wa serikali, angekuja siku ya nne kusikiliza kesi kambini kwa hombogadi. Njeru angeulizwa kuhusu ugoro anaowapelekea watu wa msituni. Tena hedimani yule, usimwone hivi, alikuwa bingwa wa maneno. Akisimama barazani hata nzi walitulia. Alikuwa ametuahidi kwamba atakayeungama atapewa shamba, na watu walioungama walipewa jembe, wakaambiwa wachimbe mtaro wa kuzunguka kijiji.

Nikaomba karatasi ya njia nikaenda Siakago kwa Mzee Salimu, ambaye lori lake lilikuwa bado sokoni. Nilimkuta akishusha magunia. Nikamweleza yote, yeye peke yake. Alikaa juu ya gunia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikufundisha kuita wateja, binti yangu. Sikukufundisha kuangalia ni nani mwingine anasikia. Kosa hilo ni letu wawili." Namshukuru kwa neno hilo. Wengi wangesema hawanijui.

Akanitungia maneno ya kumwambia Bwana D.O. Mwanangu, yalikuwa maneno. Njia nzima nilikuwa nayaimba kwa mbuzi na kwa miiba. Nilipofika nyumbani nilikuwa nayajua kama jina langu. Cucu Igoki alikuwa nje ya jiko, amechuchumaa, anakaanga majani kwenye kigae kama vile mwanawe yuko shambani. Akaniambia niyaseme. Nikasimama, nikaweka mikono kifuani, nikaanza:

"Ewe Bwana mtukufu, jua la wilaya hii, baba wa mayatima na ngao ya wanyonge. Mbele yako napiga magoti mimi kijakazi wako, nikikuletea kilio cha mzee Njeru, mtu mtiifu kuliko kondoo, mpenda serikali tangu ujana wake, ambaye hajawahi hata kuutazama mlima."

Cucu hakujua Kiswahili. Akaniambia niyaseme tena kwa lugha yetu. Hapo ndipo nilipoanza kuona haya kidogo, maana kuna maneno yanayopendeza kwa lugha ya wageni, ukiyavua nguo hizo unakuta hayana mwili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akageuza majani. Kisha akasema:

"Hajawahi kuutazama mlima? Mlango wa nyumba yake unaangalia wapi?"

Mlango wa nyumba ya baba uliangalia Kirinyaga. Kila asubuhi alitoka akauona ukiwa mweupe kileleni kabla hajauona uso wa mtu yeyote.

"Na huyo kondoo ni nani?" akaniuliza. "Mimi nilimzaa Njeru. Sikuzaa kondoo."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa ngozi. Ulikuwa wa babu yangu, aliyekuwa mzee wa baraza. Ujue, mwanangu, wazee wa kwetu wakisikiliza kesi, msemaji alishika vijiti mkononi. Kila neno lenye uzito aliloleta, aliweka kijiti kimoja chini. Akimaliza, watu waliangalia vijiti vilivyo chini, hawakuangalia mate yaliyoruka. Mtu angeweza kusema tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi, akaacha vijiti viwili. Vilikuwa vitu vya wanaume. Nikamwambia Cucu kwamba wanawake hatuvishiki. Akanijibu kwamba mwenye navyo amelala, na akiamka atamweleza mwenyewe.

Akanipa vijiti tisa. Akasema, kila jambo uliloliona kwa macho yako au ulilolifanya kwa mikono yako, weka kijiti. Ulilolipamba, baki na kijiti chako.

Nikaanza tena. Jua la wilaya. Nikaangalia vijiti. Ngao ya wanyonge. Nikaviangalia tena. Nilifika mwisho na vijiti vyote tisa viko mkononi, vimelowa jasho.

"Maneno yote hayo," Cucu akasema, "na huna hata neno moja?"

Hapo machozi yakanitoka. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikamwambia ni mimi. Nilisema sokoni kwamba wa mlimani wanashuka kufuata ugoro wetu. Ni mimi niliyemfunga baba. Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Alisukuma kigae kando ya moto, majani yasiungue, akasema:

"Weka kijiti."

Nikaweka. Akaniuliza kwa nini nilisema. Nikamwambia nilitaka kuuza, Ciarunji alikuwa na wateja wote, niliyatunga mwenyewe hapo hapo. Akasema, weka. Nikaweka cha pili. Sasa nikapata nguvu, nikasema haraka kwamba baba hajawahi kuwapa watu wa msituni chochote, nikaushusha mkono kuweka cha tatu. Cucu akanyosha mguu, akauweka juu ya udongo pale kijiti kilipotaka kutua.

"Umekuwa na baba yako kila saa ya kila siku?"

Nikasema hapana.

"Basi hilo si lako. Sema uliloliona."

Nikafikiri. Nikasema sijaona mtu wa msituni akija kwetu kwa ugoro. Akaondoa mguu. Nikaweka kijiti cha tatu. Nikataka cha nne, nikasema nitamwomba Bwana anihurumie, lakini Cucu akasema huruma ni kijiti chake mwenyewe, akitaka ataweka, nisimwekee.

Kisha ndipo akanikaripia, na maneno yale nimeyabeba miaka yote hii. Alisema: "Mdomo wako ni mtamu, Wawira, nami sikukatazi. Unanichekesha nikisaga. Lakini utamu wa maneno ni magadi. Magadi kidogo huamsha ugoro. Ukizidisha, yanachoma pua, na tumbaku haisikiki tena. Wewe umekuwa ukiuza magadi. Ulimfunga baba yako kwa magadi, na sasa unataka kumfungua kwa magadi yale yale."

Vijiti sita akavirudisha mfukoni. Vitatu akaniachia.

Siku ya kesi tulikaa chini kambini, wanawake upande wao, wanaume upande wao. Baba alikuwa katikati na wengine, ndevu zimemwota. Bwana D.O. alikaa mezani, na kando yake mkalimani. Wa kwanza kuitwa alikuwa bwana mmoja aliyesoma, karani wa zamani. Alisema vizuri jamani. Alimlinganisha Mzungu na mfalme Sulemani, akaleta mito, akaleta mierezi, akaleta machozi. Bwana D.O. akaangalia saa yake. Mkalimani, ambaye alikuwa na njaa nadhani, akageuza asali yote ile kwa maneno ambayo kila mtu aliyajua: anasema hana hatia. Basi. Karani akasimama pale kama mtu aliyepika ng'ombe mzima akaambiwa ni mchuzi.

Akaitwa baba. Hedimani akasimama kueleza kosa. Akasema Njeru ni kupe aliyejificha sikioni mwa serikali, ananyonya huku anasifiwa kwa ukimya wake. Watu wakaguna. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilisikia uzuri wa neno hilo. Baba akaulizwa. Akasema analima tumbaku. Akaulizwa tena. Akasema analima tumbaku. Nikaona Bwana D.O. anashika kalamu.

Nikasimama. Hombogadi mmoja alitaka kunisukuma nikae, lakini Bwana D.O. akauliza huyo ni nani, hedimani akasema ni binti tu. Nikatembea mpaka mbele, nikachuchumaa, nikaweka kijiti cha kwanza chini. Nikakisema kwa Kiswahili chepesi, kile cha kuulizia chumvi, nisimpe mkalimani kazi.

"Maneno ya sokoni niliyasema mimi, si baba."

Nikaweka cha pili. "Niliyatunga mwenyewe, watu wacheke, wanunue."

Nikaweka cha tatu. "Sijaona mtu wa msituni akija kwetu kwa ugoro."

Nikanyamaza. Mwanangu, kunyamaza kule ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimezaa watoto saba. Lile jua la wilaya lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, linaomba kutoka. Nililimeza.

Bwana D.O. aliviangalia vijiti, akamwuliza mkalimani, akaelezwa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika miguu:

"Wewe nadanganya soko muzima?"

"Ndiyo, Bwana."

"Na watu nanunua?"

"Walikimbia, Bwana."

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha wengine, kisha nikaona hata mdomo wa Mzungu umecheza kidogo. Akamwita Kathuri, akamwuliza ameona nini. Kathuri angeweza kuniongezea. Wengi walipata vyeo kwa kuongeza. Alisema alinisikia nikiita, na kwamba hakuona mtu wa msituni. Namshukuru hata yeye, alale pema. Akaulizwa hedimani ameona nini. Hedimani akaanza upya na kupe wake, na sikio, na damu, mpaka Bwana D.O. akainua mkono. Akauliza tena, umeona nini. Hedimani akatafuta, akatafuta. Bingwa yule hakuwa na kijiti.

Baba akafunguliwa. Mimi nikapewa adhabu ya kuchimba mtaro pamoja na wanawake mpaka mvua zije, na siku ya soko nisimame juu ya jiwe nitangaze kwamba nilisema uongo.

Lakini usidhani ninamsifu Mzungu yule, wala usidhani ukweli ni hirizi. Mtu aliyeitwa baada yetu alisema kweli yake, kavu na fupi kama yangu, na bado akapelekwa. Mke wake alirudi nyumbani peke yake, nyuma yetu. Ninachokuambia ni kwamba mimi nilipata bahati, na bahati ilipokuja ilinikuta nimesimama mahali safi.

Njiani baba alitembea mbele, mimi nyuma, mpaka tukavuka kijito. Nilikuwa nangojea laana. Bila kugeuka akasema:

"Eti ukinusa hapa unapiga chafya Embu?"

Nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka, baba yangu wa maneno kumi. Nikalia mpaka nyumbani.

Siku ya soko nilipanda juu ya jiwe. Nikasema nilidanganya, ugoro wa baba yangu ni ugoro tu, haufuatwi na mtu yeyote wa mlimani ninayemjua. Ciarunji akapasua kicheko, akasema, "Leo kasuku amenyolewa," na soko zima likaniita kasuku mpaka nilipoolewa. Niliposhuka, yule mzee aliyepuliza ugoro wangu chini alikuwa amesimama hapo. Akaniuliza ugoro wa leo ukoje. Nikamwambia umekauka vizuri, ila magadi yalipungua kwa sababu lori lilichelewa. Akanyosha ukucha. Akanusa, akafikiri, akasema ni kweli magadi ni kidogo. Akachukua. Wiki iliyofuata alikuja tena, akaja na mwenzake. Wengi walibaki kwa Ciarunji, sikufichi. Lakini walionijia hawakuniacha, hata nilipozeeka wakiwa wamezeeka zaidi. Wahenga hawakukosea: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ngoja, sijafika mwisho. Miaka mingi baadaye, bendera yetu imeshapanda, Cucu Igoki ameshazikwa, baba aliugua. Nilikuwa namnyoa ndevu uani, jua la saa nne. Akasema ghafla kwamba mara mbili, miaka ile, aliacha ugoro chini ya jiwe pale kijitoni, kwa ajili ya mwenzake wa rika aliyekuwa mlimani. Wembe ukanisimama mkononi. Nikamwuliza, Cucu alijua? Akaniangalia kama ninavyowaangalia nyinyi mkiniuliza mambo ya kijinga.

"Unadhani ni nani aliyekuwa anaufunga kwenye majani ya ndizi?"

Basi nikaona tena ule mguu wa Cucu juu ya udongo. Alijua. Alijua kwamba neno lile nililotaka kuliapia mbele ya watu lilikuwa uongo, na kwamba mimi sikujua. Angeweza kuniacha niape; mwanawe yuko hatarini, nani angemlaumu? Lakini hakutaka kumwokoa mwanawe kwa kumchafua mjukuu. Akatafuta njia nyembamba ambayo wote wawili tungepita, na kila neno nililosema siku ile ni kweli mpaka leo. Na ule upuuzi wangu wa sokoni, ambao niliudhani uongo mtupu, ulikuwa umempiga baba pale pale alipojificha. Atupaye jiwe kichakani hajui aliyelala humo.

Sasa naishi huku Kiambere nilikoolewa. Nyaya za umeme wa bwawa zinapita juu ya paa langu zikiimba, na mimi nawasha taa ya mafuta. Juzi alikuja hapa kijana anayetaka kura, na gari lenye spika kubwa, akasema ataleta umeme, maji mpaka ndani ya sufuria, na kazi kwa kila kijana. Alisema vizuri, wanawake walipiga vigelegele. Nikamwita, nikamtolea ule mfuko wa ngozi alioniachia Cucu, nikamwambia, mwanangu, niwekee hapa kijiti kwa kila jambo ulilokwisha kufanya. Alicheka, akafikiri natania. Kisha akaona sicheki. Kwa heshima yake nitasema aliweka kimoja: alisema alitengeneza daraja la miguu kwao. Nikamwambia arudi aanzie hapo, kwenye daraja. Akija na daraja lake, nitamsikiliza siku nzima.

Na mjukuu wangu Wanjira, anayeuza nguo Embu kwa simu, ambaye namsifu mbele ya kila mgeni mpaka anajificha jikoni, naye nilimpa kijiti. Alikuwa ameandika kwamba nguo zake haziwezi kuchuja rangi. Nikamwuliza, umezifua? Akafua moja. Ikachuja. Akafuta aliyoandika, akaandika: fua peke yake mara ya kwanza. Wateja wanamwamini sasa. Nimekuambia ninajivunia.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalokuachia. Sikuambii usiseme vizuri. Mungu hakukupa ulimi uufunge kama mbuzi. Pamba neno lako, lichekeshe, liimbe, lakini kwanza hakikisha kuna tumbaku chini ya magadi. Kabla hujafungua mdomo, uwe barazani, dukani au mezani na mumeo, angalia ni nani anasikia, na neno likitoka litaenda kulala kwa nani. Sema uliloliona, ukome hapo. Usiape kwa ajili ya moyo wa mtu mwingine, hata awe baba yako. Ukikosea kwa mdomo, usikimbilie maneno zaidi. Anza na kile kijiti kinachouma, kwa sababu vingine havitakaa chini kabla ya hicho. Na mtu akikuletea maneno matamu, usimtukane. Mwulize tu, kwa adabu, ameona nini.

Cucu Igoki, popote ulipo, nakushukuru kwa kigae ulichokisukuma kando, kwa kofi ambalo hukunipiga, na kwa mguu wako juu ya udongo.

Nawe njoo karibu nikutemee mate ya baraka kifuani, kama nilivyotemewa. Ulimi wako uwe mwepesi kwa shukrani na mzito kwa kiapo. Wanaokusikia wasijute kukusikia. Na siku utakayoitwa mbele za watu, mkono wako usikose kijiti cha kuweka chini.